Filamu ya Kwanza na Zilizotengenezwa Upya: Mfano wa Maganda ya Santa Mira

Miongoni mwa kazi ambazo wanafunzi wetu wa fasihi linganishi hupenda kuziandikia insha ni filamu za bunilizi ya kisayansi, hasa zile zilizotengenezwa zaidi ya mara moja. Jambo hilo tunalifurahia. Linalotusumbua ni kwamba insha nyingi huishia mahali pamoja: filamu ya kwanza ni "asilia", ya pili ni "nakala", na kila badiliko huhesabiwa kuwa kosa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa mfano mmoja kwamba mizani hiyo haifai, na kwamba mara nyingine hata hiyo "asilia" ni vigumu kuishika mkononi.

Kwanza neno lenyewe. Wapo wanaotumia "marudio", lakini marudio kwa mtazamaji wa televisheni ni kipindi kile kile kilichoonyeshwa jana usiku. "Toleo jipya" nalo lina harufu ya duka la vitabu. Sisi tutasema "filamu iliyotengenezwa upya", ijapokuwa ni maneno mengi, kwa sababu yanataja kazi iliyofanyika.

Mfano wetu ni hadithi ya Mmarekani Jack Finney, The Body Snatchers, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida la Collier's mwaka 1954 na kuwa kitabu mwaka 1955. Mbegu kutoka anga za juu zinaangukia mji mdogo wa California. Zinaota maganda makubwa, kama ya maharage yaliyokua kupita kiasi. Mtu akilala usingizi, ganda lililo karibu naye hutoa mwili uliofanana naye kwa sura, sauti, makovu na kumbukumbu, naye mwenyewe hutoweka. Anayebaki anajua jina la mkewe na njia ya kazini, lakini hapendi, haogopi wala haoni haya. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kwamba mtu yupo, utu haumo. Katika riwaya binadamu wanapigana, na mwishowe maganda yanaikimbia dunia.

Mwaka 1956 mwongozaji Don Siegel aliitoa hadithi hiyo kwenye filamu, Invasion of the Body Snatchers, na kuupa mji jina la Santa Mira. Daktari Miles Bennell, aliyeigizwa na Kevin McCarthy, anapokea wagonjwa wa ajabu: mtoto anayelia kwamba mama yake si mama yake, na mwanamke anayeapa kwamba mjomba wake si yule. Ukimuuliza ana kasoro gani, hana jibu, kwani kila kitu kipo ila kile kitu machoni. Huu ndio ustadi wa filamu hii, ambayo haina chombo cha angani wala zimwi. Tukio linalotisha kuliko yote ni la Miles kumbusu mpenzi wake Becky aliyesinzia kidogo, kisha kuutazama uso wake na kujua kwamba ameshachelewa.

Siegel alitaka filamu iishie barabara kuu usiku, Miles akikimbia kati ya magari na kuwapigia kelele madereva, na hatimaye sisi watazamaji, kwamba zamu yetu inakuja. Studio ilikataa. Ikaongezwa sehemu mwanzoni na mwishoni, hospitalini: Miles anasimulia, anadhaniwa kichaa, mpaka inaletwa habari ya lori lililopata ajali likiwa limebeba maganda, na daktari anaagiza FBI wapigiwe simu. Basi mwanafunzi anayesema "asilia" tunamuuliza: ni ipi? Riwaya ambamo maganda yanashindwa? Filamu aliyoitaka Siegel, au ile iliyofika kwenye majumba ya sinema?

Wakati ule Marekani ilikuwa katika Vita Baridi. Wahakiki wengine waliona katika maganda Wakomunisti waliojificha kati ya majirani. Wengine waliona kinyume chake, yaani jamii iliyotiwa hofu na seneta Joseph McCarthy (si mwigizaji wetu) hata kila mtu akataka kufanana na mwenzake. Finney mwenyewe alikana kuwa na nia yoyote ya kisiasa. Kwa maoni yetu filamu inabeba tafsiri zote mbili kwa sababu haikuitaja hata moja.

Philip Kaufman alipoitengeneza upya mwaka 1978 aliihamishia San Francisco. Badiliko hili linaonekana dogo, kumbe ndilo lililobeba kila kitu. Katika mji mdogo mtu aliyebadilika hujulikana mara moja. Katika jiji kubwa nani atajua? Tayari watu wanapishana bila salamu. Elizabeth anapolalamika kwamba mwenzake amekuwa mgeni nyumbani, daktari wa akili, aliyeigizwa na Leonard Nimoy, ana maelezo tayari: watu wa siku hizi wanachokana upesi. Wakati huo huo, nyuma ya wahusika, magari ya taka yanazoa vumbi la kijivu ambalo hakuna anayeuliza limetoka wapi.

Kaufman hakuificha filamu ya kwanza. Kevin McCarthy anaibuka barabarani, mzee sasa, akigonga vioo vya magari na kupiga kelele zile zile, kana kwamba amekimbia tangu 1956. Siegel naye ni dereva wa teksi. Mwisho wake hauna FBI. Mwanamke mmoja aliyesalimika anamwona rafiki yake Matthew, aliyeigizwa na Donald Sutherland, anamwita kwa furaha. Matthew anamnyoshea kidole na kutoa yowe lisilo la binadamu. Kwetu sisi hii ndiyo bora kupita zote, ile ya kwanza ikiwemo.

Ya tatu, Body Snatchers ya Abel Ferrara (1993), iko katika kambi ya jeshi. Wazo ni zuri: askari asiye na hisia atatambuliwaje? Tukio la watoto wa chekechea wanaonyanyua michoro yao, yote sawasawa isipokuwa wa mtoto mmoja, linatosha peke yake kwa kipindi kizima. Humo yumo Forest Whitaker, ambaye baadaye aliigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, filamu ya 2006 iliyopigwa hapa Uganda.

Ya nne, The Invasion (2007) ya Oliver Hirschbiegel, ndiyo dhaifu, ingawa ilikuwa na swali zito kuliko zote. Maganda hayamo; sasa ni maradhi. Kadiri watu wanavyoambukizwa, televisheni zinatangaza kwamba vita vinakoma na mikataba inatiwa saini. Je, amani inunuliwe kwa bei hiyo? Kwa sisi wa Maziwa Makuu hilo si swali la mzaha. Lakini studio haikuridhika, ikaagiza sehemu ziandikwe na kupigwa upya na watu wengine. Inapatikana tiba, wagonjwa wanapona, habari za vita zinarudi, na swali linaachwa njiani. Hapa kosa si kuiacha filamu ya 1956. Kosa ni kuuliza jambo lake yenyewe na kuogopa kulijibu.

Kwa walimu watakaopenda kujaribu: filamu ya 1956 ina dakika 80, hivyo inaenea katika vipindi viwili vinavyofuatana. Isimamisheni Miles akiwa barabarani, wanafunzi waandike mwisho wao, ndipo muwaonyeshe ule wa studio. Ile ya 1978 inakaribia saa mbili na ina sehemu chache za utupu. Mwalimu wa sekondari aitazame kwanza peke yake.