Nikeli ya Kabanga Ilipikwa Wapi?

Paukwa! Pakawa!

Wajukuu zangu, chini ya vilima vya Kabanga, hapa Ngara, imelala nikeli nyingi pamoja na shaba na kobalti. Nikeli hiyo ni kongwe kuliko vilima, kongwe kuliko hata Jua. Ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kwa kishindo.

Nyota kubwa ikiishiwa na nishati, kiini chake cha chuma huporomoka kwa ndani, sekunde moja haijatimia. Kisha matabaka ya nje hulipuka, na katika joto hilo nikeli huzaliwa. Jua letu ni dogo mno kufa hivyo, msiogope.

Nani ataifuata nyota huko akaipime? Hakuna. Lakini hali kama ya nyota huigwa huko Livermore, Marekani, ambako wataalamu wamejenga jumba lenye miali 192 ya leza. Yote hulenga ndani ya kikopo cha dhahabu cha sentimita moja hivi. Naam, dhahabu, kama ile wanayochimba ndugu zetu wa Biharamulo. Kikopo hutoa eksirei, na eksirei huunguza kigololi cha almasi cha milimita 2 chenye hidrojeni iliyogandishwa. Ganda la kigololi hurukia nje, hidrojeni husukumwa ndani kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Ngara ukafika Mwanza kabla ya sekunde kuisha!

Joto hupita nyuzi milioni 100, wakati katikati ya Jua ni milioni 15 tu. Atomi huvuliwa elektroni zake, na hali hiyo ndiyo plazima.

Kazi ngumu ni kuminya kwa usawa. Minya ndizi mbivu kiganjani uone inavyochomoka kati ya vidole. Hidrojeni nayo huponyoka hivyo. Hata nyota inayolipuka hukorogeka, tabaka zito likipenya jepesi, na leza zimetumika kuuchunguza mkorogo huo.

Jumba lilianza kazi mwaka 2009, lakini ni tarehe 5 Desemba 2022 tu ndipo leza zilipoingiza megajuli 2.05 za nishati, na viini vya hidrojeni vilipoungana zikatoka 3.15. Shangwe ilikuwa kubwa, ingawa kuziwasha leza zenyewe kulikula megajuli 300 hivi za umeme. Kwa hiyo taa za nyumbani bado haziwashwi kwa njia hii. Tunategemea njia nyingine: umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 wanazogawana Tanzania, Rwanda na Burundi, unatokana na maji ya mto Kagera.