DOS: Jina moja, mifumo tofauti

MKAZI wa Kola, Machakos, anayekwenda mjini kutafuta kipakatalishi anaweza kukuta mitambo miwili inayofanana lakini yenye bei tofauti. Ule wa bei nafuu huenda ukawa na maandishi ‘FreeDOS’. Akiuwasha nyumbani, atalakiwa na skrini nyeusi yenye herufi nyeupe.

Mtambo huo si mbovu. Umeuzwa bila leseni ya Windows, na gharama ya leseni hiyo sasa ni juu ya mnunuzi. Kampuni ya HP ni miongoni mwa zile ambazo zimewahi kuuza vipakatalishi vya aina hiyo.

DOS ni mfumo unaoendesha tarakilishi kwa amri zinazochapwa, kama vile DIR ya kuorodhesha faili na COPY ya kuzinakili. Ulibuniwa mwaka 1980 na Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products, Marekani.

Microsoft iliununua mwaka 1981, na IBM ikautumia katika tarakilishi zake kwa jina PC DOS. Hata hivyo, Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine, nao wakaupata kwa jina MS-DOS. Hivyo basi, PC DOS na MS-DOS ni ndugu wa tumbo moja, ingawa baadaye kila mmoja alishika njia yake.

Mwaka 1988 kampuni ya Digital Research ilitoa DR DOS, iliyokubali programu zilizoandikiwa MS-DOS. Toleo lake la 5, la mwaka 1990, lilitumia kumbukumbu ya tarakilishi kwa ustadi zaidi na kuziachia programu nafasi kubwa. MS-DOS 5 ilifuata mkondo huo mwaka 1991. Ushindani huo uliishia mahakamani: kampuni ya Caldera, iliyokuwa imenunua DR DOS, iliishtaki Microsoft mwaka 1996, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka 2000.

MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994 ndiyo ya mwisho kuuzwa peke yake. Mwaka huohuo, Jim Hall alianzisha mradi wa FreeDOS ili mfumo huo usizikwe. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha bila malipo.

Je, tofauti zina uzito gani? Kwa programu nyingi za zamani, mathalani za hesabu za duka, mfumo wowote kati ya hiyo unatosha. Lakini MS-DOS 6.22 haiwezi kutumia sehemu ya diski inayozidi gigabaiti 2, ilhali FreeDOS huweza. Kwa upande mwingine, Windows 3.1 ilitengenezewa MS-DOS, na FreeDOS imekuwa ikitatizika kuiendesha.

Asiyejua tarakilishi yake kuukuu ina mfumo upi achape VER, na jibu litajitokeza.

Ama mnunuzi wa Kola anayetaka kuandika barua na kutumia intaneti, FreeDOS pekee haitamfaa. Kabla ya kulipa, aulize bei ya Windows, au aombe awekewe Linux, ambayo matoleo yake mengi hayalipiwi. Bila kufanya hivyo, nafuu aliyoipata dukani huenda ikamtoka baadaye kwa fundi.