Guyana: Mafuta Mengi, Watu Wachache

Kwa miaka kadhaa sasa, kila zinapochapishwa takwimu za nchi ambazo uchumi wake unakua haraka zaidi duniani, jina la Guyana huwa pale juu. Mwaka 2020, nchi nyingi zilipokuwa zimefunga maduka na mipaka kwa sababu ya Uviko, pato la taifa hilo liliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka 2022 likaongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, na mwaka 2024 kwa zaidi ya 43. Pato la kila mtu, kwa hesabu ya karatasi, lilikuwa takriban dola 6,500 za Marekani mwaka 2019. Miaka mitano baadaye lilikuwa limekaribia dola 30,000. Takwimu hizo si za uongo, lakini anayeishia hapo hatajua Guyana ni nchi ya namna gani. Hoja ya makala hii ni kwamba historia nzima ya Guyana ni historia ya kusaka mikono ya kufanya kazi, na kwamba mafuta ni zao lake kubwa la kwanza ambalo haliihitaji mikono hiyo. Siasa zake, mashamba yake na hata kuta zake za bahari hueleweka vizuri zaidi ukianzia hapo.

Nchi yenyewe iko kaskazini-mashariki mwa Amerika Kusini, imebanwa kati ya Venezuela, Brazili na Suriname, na uso wake unatazama Atlantiki. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 215,000 hivi, yaani ni ndogo kidogo kuliko Uganda, ila Uganda ina watu zaidi ya milioni 45 na Guyana ina kama laki nane tu. Ni nchi pekee ya bara lile ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza, ingawa barabarani na sokoni watu huongea Krioli yao. Misitu imefunika karibu asilimia 85 ya ardhi. Huko ndani kuna mto Essequibo wenye urefu wa kilomita elfu moja hivi, kuna maporomoko ya Kaieteur ambako maji huanguka mita 226 kwa mruko mmoja, na kusini kuna mbuga za nyasi za Rupununi, nchi ya ng'ombe. Ni sehemu nzuri mno, na karibu hazina watu. Wenyeji wa asili, kama Wamakushi, Wawapishana na Waakawaio, ndio wakazi wake wakuu, pamoja na wachimbaji wa dhahabu wanaokuja na kuondoka. Watu tisa katika kila kumi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na mji mkuu, Georgetown, uko hapohapo.

Pwani hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni kazi ya binadamu. Zamani ilikuwa tope na mikoko iliyofunikwa na maji kila bahari ilipojaa, na hadi leo sehemu kubwa iko chini ya usawa wa maji makuu. Waholanzi, waliotawala makoloni ya Essequibo, Demerara na Berbice kabla ya Waingereza, waliuona udongo ule kuwa mzuri kwa miwa. Wakaamuru zijengwe kuta za kuzuia bahari mbele, mabwawa ya kuzuia maji ya msituni nyuma, na mifereji katikati yenye milango inayofunguliwa maji yakipwa na kufungwa yakijaa. Waliochimba walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney, ambaye wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa miaka aliyofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alirudia katika kitabu chake cha mwisho makadirio kwamba watumwa hao walihamisha kwa sepetu angalau tani milioni 100 za udongo uliolowa maji. Kwa hiyo hata ardhi ya Guyana ni jasho lililogandishwa. Na jasho hilo haliwezi kukoma: mfereji usiposafishwa au mlango ukiharibika, mashamba na nyumba huzama. Mafuriko ya Januari 2005 yalisababisha hasara iliyokadiriwa kuwa karibu asilimia 60 ya pato la taifa la mwaka mmoja. Kwamba nchi ya namna hii sasa inaishi kwa kuuza mafuta, wakati joto la dunia linazidi kuinua bahari, ni kinaya ambacho Waguyana wenyewe wanakijua vizuri.

Utumwa ulipokomeshwa, na kipindi cha kuwabakiza watu mashambani kwa nguvu kilipokwisha mwaka 1838, wenye mashamba walijikuta wakidaiwa ujira. Baadhi ya waliokuwa watumwa walikusanya akiba zao na kununua mashamba yaliyoachwa; mwaka 1839 watu 83 walinunua shamba la Northbrook na kulifanya kijiji chao, ambacho leo kinaitwa Victoria. Watu wenye ardhi yao na uwezo wa kugoma hawakuwafaa matajiri wa sukari. Ndipo zikaja meli za vibarua wa mkataba: kutoka Madeira, kutoka China, na zaidi ya yote kutoka India, ambako kati ya mwaka 1838 na 1917 waliletwa watu karibu 239,000. Lengo lilikuwa ujira ubaki chini, na mgawanyiko kati ya Mwafrika na Mhindi ulikuwa sehemu ya faida. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha matokeo yake: asilimia 40 hivi ni wenye asili ya India, 29 wenye asili ya Afrika, 20 machotara na zaidi kidogo ya 10 wenyeji wa asili. Makanisa, mahekalu ya Wahindu na misikiti hukaa barabara moja, na sikukuu za kila dini kati ya hizo zimo katika mapumziko ya taifa. Lakini siku ya kura, tangu wanasiasa Cheddi Jagan, mwenye asili ya India, na Forbes Burnham, mwenye asili ya Afrika, waachane katika miaka ya 1950, watu wengi wamekuwa wakifuata asili zao.

Baada ya uhuru wa mwaka 1966 mkondo uligeuka. Nchi iliyokuwa ikiagiza watu ikaanza kuwasafirisha. Ugumu wa maisha wa miaka ya 1970 na 1980, uchaguzi uliochakachuliwa na woga wa kisiasa (Rodney mwenyewe aliuawa kwa bomu jijini Georgetown tarehe 13 Juni 1980) viliwasukuma walimu, wauguzi, mafundi na wahandisi kwenda Marekani, Kanada na Uingereza. Sensa ya mwaka 1980 ilihesabu watu kama 760,000; ya mwaka 2012 ikahesabu 746,955. Miaka 32 ya kuzaa na kulea, na idadi ikawa imepungua. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu nchi za Karibi ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Waguyana wenye elimu ya juu walikuwa wamehama. Ukitaka kuwaona, mtaa wa Richmond Hill jijini New York umejaa maduka na mahekalu yao.

Katika hali hiyo ndipo mafuta yalipogunduliwa. Mwezi Mei 2015, kampuni ya ExxonMobil ilitangaza kuyapata katika kisima cha Liza, karibu kilomita 200 kutoka pwani, na tarehe 20 Desemba 2019 uzalishaji ukaanza. Kiasi kinachokadiriwa kuweza kuvunwa katika eneo hilo, liitwalo Stabroek, kimepita mapipa bilioni 11. Tazama jinsi kazi inavyofanyika: mafuta hupanda kutoka chini ya bahari hadi kwenye meli kubwa iliyotia nanga, husafishwa maji na gesi humohumo, kisha humiminwa kwenye meli nyingine na kwenda zake. Hayakanyagi nchi kavu. Meli hizo chache huzalisha mamia ya maelfu ya mapipa kwa siku kwa wafanyakazi wachache sana. Ni mgeni tajiri aliyepanga chumba cha uani chenye mlango wake mwenyewe: kodi analipa, lakini hali chakula cha nyumba hiyo. Linganisha na sukari, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilizidi tani 300,000 kwa mwaka na kuajiri vijiji vizima. Mwaka 2024 haikufika tani 50,000, na kati ya mwaka 2016 na 2017 serikali ilifunga mashamba kadhaa na kuwaacha maelfu ya watu bila kazi. Mpunga, boksiti ya mji wa Linden, dhahabu na mbao vilihitaji mikono. Mafuta yanahitaji sahihi ya serikali.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni mkataba wenyewe. Wana haki ya kulalamika. Mkataba wa mwaka 2016, uliofichwa kwa zaidi ya mwaka, unaziruhusu kampuni kuchukua hadi asilimia 75 ya mafuta ya kila mwezi kufidia gharama zao. Inayobaki hugawanywa nusu kwa nusu, na juu yake serikali hupata mrabaha wa asilimia 2. Kwa hesabu hiyo, katika kila dola 100 serikali hupata dola 14 na nusu hadi gharama zitakapolipwa, na katika mgao huohuo ndimo kodi ya mapato ya kampuni inamohesabiwa kuwa imelipwa. Serikali yenyewe imekiri udhaifu huo kwa vitendo: katika mnada wa vitalu vipya ilidai mrabaha wa asilimia 10 na kodi ya kampuni. Hata hivyo mkataba mbaya unaeleza kiasi cha fedha, hauelezi zinafanya nini zikishafika. Fedha huwekwa katika mfuko wa maliasili ulio na akaunti New York, na kutoka hapo huingia kwenye bajeti. Mtu anayejua kujenga hospitali, kusimamia zabuni na kukagua hesabu ndiye anayekosekana, na mgao ukiongezwa maradufu kesho, pengo lake litabaki.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: uchache wa watu si ndiyo bahati yenyewe? Watu laki nane na mapipa bilioni 11, kila mmoja anaweza kuneemeka. Ni kweli kwamba serikali imegawa fedha. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitangaza dola 100,000 za Guyana, kama dola 480 za Marekani, kwa kila raia mtu mzima, na kuanzia Januari 2025 ikafuta ada katika Chuo Kikuu cha Guyana. Daraja jipya la mto Demerara limejengwa na hoteli zimeota. Mimi sidharau hatua hizo, hasa ile ya chuo, ila kugawa ni rahisi kuliko kujenga uwezo. Norway, ambayo hutajwa kila mahali kama mfano, ilipopata mafuta tayari ilikuwa na wahandisi, mabaharia, mahakama imara na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Guyana ilipopata yake, watu wa aina hiyo wengi walikuwa wanaishi ughaibuni, na Benki ya Dunia ilikuwa inakadiria kuwa karibu nusu ya waliobaki wanaishi chini ya dola 5.50 kwa siku. Bei za vyakula na pango zinapopanda kwa sababu ya fedha za mafuta, aliye nje ya biashara hiyo hupata hasara kwanza na gawio baadaye.

Na je, wageni hawawezi kuziba pengo? Tayari wanaziba kiasi. Maelfu ya Wavenezuela wamevuka mpaka, wakiwamo watoto na wajukuu wa Waguyana waliohamia huko zamani, na makampuni ya China ndiyo yanayojenga sehemu kubwa ya miundombinu. Lakini nchi hii imewahi kutatua uhaba wa wafanyakazi kwa kuleta watu bila kujenga maelewano kati yao, na bado inalipa gharama. Uchaguzi wa Machi 2020 ulikuwa wa kwanza tangu mafuta yaanze kutoka. Ilichukua miezi mitano ya mabishano na kuhesabu upya kura, tofauti ikiwa kama kura 15,000, kabla Irfaan Ali hajaapishwa kuwa rais tarehe 2 Agosti. Serikali inapokuwa mlango pekee wa utajiri, kila jamii huogopa kubaki nje ya mlango. Juu ya hayo, Venezuela inadai eneo la Essequibo, zaidi ya theluthi mbili za nchi, ikipinga uamuzi wa usuluhishi wa mwaka 1899. Shauri hilo limefika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Desemba 2023 Venezuela iliitisha kura ya maoni kuhusu kulitwaa eneo hilo. Eneo kubwa hivyo lenye wakazi wachache hivyo haliwezi kulindwa na takwimu za ukuaji.

Kipimo kinachofaa, basi, ni nani anabaki na nani anarudi. Kwa kipimo hicho mwaka 2024 haukuwa mzuri. Walimu wa shule za umma waligoma kwa wiki nyingi wakidai mishahara, serikali na chama chao wakafikishana mahakamani, na mwezi Agosti ndipo wakaafikiana. Katika mwaka ambao uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 43, mwalimu wa Guyana aliongezewa asilimia 10.