Kutoka Jikoni hadi Bustanini, na Kurudi

Nazi moja ya kupikia ikishavunjwa, ikakunwa na kukamuliwa, huacha nyuma vitu vitatu: makumbi, kifuu na machicha. Mara nyingi vyote huishia jaani. Mpishi mwenye kijibustani, hata kama ni cha hatua nne tu nyuma ya nyumba, huvitazama kwa jicho jingine. Kifuu kikitobolewa tundu chini huwa chungu cha kukuzia mche mmoja wa pilipili au nyanya hadi siku ya kuhamishwa. Makumbi yakikatwakatwa na kutandazwa kwenye shina huzuia jua lisinyonye maji ya ardhini. Machicha huanikwa, kisha kuku wakapewa kidogo kidogo pamoja na pumba.

Kila kimoja kina sharti lake. Makumbi yana chumvi ya asili, kwa hiyo huloweshwa kwanza katika maji baridi na kumwagwa mara mbili tatu kabla ya kusogezwa karibu na mboga. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, makumbi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi kadhaa ili nyuzi zake zilainike kwa kusokotwa kamba. Hayo yameshiba maji ya bahari, na vumbi lake likipelekwa kwenye mchicha bila kuoshwa, mchicha utanyauka. Machicha nayo yasifukiwe mabichi shambani. Bado yana mafuta, na usiku wa kwanza tu panya na siafu watakuwa wameshapata habari.

Mabaki mengine ya jikoni hupitia kwenye mboji. Maganda ya ndizi, ya viazi na ya vitunguu, mabua ya mchicha na makapi ya chai yana naitrojeni nyingi na maji mengi. Yakirundikwa peke yake huoza kwa harufu mbaya na kuvuta nzi. Huhitaji kuchanganywa na vitu vikavu: majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, hata boksi lililochanwachanwa. Kipimo kinachofaa ni ndoo moja ya maganda kwa ndoo mbili za vikavu. Unyevu hupimwa kwa mkono: konzi ya mboji ikifinywa inapaswa kulowesha kiganja bila kuchuruzika. Rundo lenye ukubwa wa kutosha hupata joto katikati, likafika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Likigeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili, huwa tayari kwa miezi miwili au mitatu. Nyama, samaki na mafuta ya kukaangia haviingii humo.

Majivu ya kuni ni mbolea ya potasiamu na kalsiamu, na hupunguza uchachu wa udongo. Konzi moja kwa hatua moja ya tuta yatosha. Wanaomwaga sufuria nzima mahali pamoja kila siku huishia na udongo usioota kitu. Yasichanganywe na samadi mbichi ya kuku wala mbolea ya urea, kwa sababu majivu huifukuza naitrojeni ikapotea hewani kama hewa ya amonia, ile inayochoma pua bandani. Jiko lililowashwa kwa mifuko ya plastiki halitoi majivu ya kupeleka kwenye chakula.

Kuhusu maganda ya mayai, sifa zake zimepita kiasi. Ni kweli yana kalsiamu, lakini huchukua muda mrefu kuoza, na hata yakisagwa hayaponyi nyanya zinazooza kitako wiki hii. Mara nyingi ugonjwa huo hutokana na maji yasiyo na mpango: tuta hukauka siku tatu, kisha likafurikishwa siku ya nne. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha, lakini bila maji ya mfululizo mmea hauwezi kuifikisha kwenye tunda. Maganda yasagwe na kutiwa kwenye mboji, na nyanya zimwagiliwe kwa ratiba.

Maji ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa, hasa pale yanaponunuliwa kwa dumu. Jiko la familia moja humwaga maji mengi yanayofaa kutumika tena: ya kuoshea mchele, ya kuloweshea maharage, ya kuoshea mboga. Haya humwagwa moja kwa moja kwenye mashina, siku ileile kabla hayajachacha. Maji ya povu la sabuni yaende kwenye mgomba au mpapai, kwenye udongo na si kwenye majani, na yasiwe ya mahali pamoja kila siku, maana sabuni nyingi huongeza sodiamu inayogandisha udongo. Maji yaliyochemshiwa kitu kwa chumvi hayafai popote bustanini.

Kwa siku za kiangazi kuna mbinu ya mtungi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala vanishi hufukiwa hadi shingoni, hujazwa maji na kufunikwa. Maji huvuja polepole kupitia kuta zake kadiri udongo unavyokauka, na mizizi huyafuata hukohuko chini. Mbinu hii ilikwishaandikwa katika maelekezo ya kilimo ya China tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo, na bado haijapata mpinzani kwa mtu asiye na mpira wa maji. Kifuniko kisisahaulike, la sivyo mtungi utakuwa kitalu cha mbu.

Penye uhaba wa ardhi, bustani husimama. Bustani ya gunia ilienea sana Kibera, jijini Nairobi, tangu mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, pale shirika la Kifaransa la Solidarités liliposaidia familia kulima sukuma wiki na mboga nyingine kwenye magunia vichochoroni. Ufundi wake wote uko katikati ya gunia. Kopo lisilo na kitako husimamishwa ndani, hujazwa kokoto, na udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva hushindiliwa kulizunguka. Kopo huvutwa juu, kokoto hubaki, na kazi huendelea hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto hupeleka maji hadi chini. Bila nguzo hiyo, sehemu ya juu hubaki matope na ya chini vumbi. Miche hupandikizwa kwenye matundu ya ubavuni, na juu hupandwa vitunguu au nyanya. Kiroba kilichobeba dawa za wadudu kisitumike hata kikioshwa mara saba.

Lesotho ina ndugu wa bustani hiyo, iliyobuniwa katika miaka ya 1990: tuta la mviringo lililojengewa ukuta wa mawe, lenye njia nyembamba ya kuingilia hadi katikati. Hapo katikati husimama kikapu cha fito kinachotupiwa maganda na kumwagiwa maji machafu ya jikoni. Mboji huiva humohumo, na rutuba husambaa kwenye tuta pande zote. Ukuta wenyewe hufika kiunoni, hivyo hata mzee asiyeweza kuinama hulima.

Cha kupanda kichaguliwe kwa kuangalia sufuria. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke rundo moja. Matembele hayahitaji mbegu. Rando lenye urefu wa mkono, likiondolewa majani ya chini na kufukiwa vifundo vitatu, huchipua lenyewe. Mboga ya maboga hupenda kukatwa ncha, kwani kila ncha inayokatwa huzaa matawi mawili. Mchaichai hupandwa ukingoni, huzuia udongo usimomonyoke, na jioni majani yake huingia kwenye birika.

Vidukari vikitokea, jicho la kwanza liangalie chini ya jani. Vikiwa vichache husuguliwa kwa kidole. Vikizidi, mbegu za mwarobaini hutwangwa, huloweshwa usiku mmoja, huchujwa na kunyunyizwa pamoja na sabuni kidogo ili dawa ishike. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Dawa hiyo hunyunyizwa jioni kwa sababu jua huivunja haraka, na mboga huoshwa vizuri kabla ya kupikwa.

Mboga ikishafika jikoni, ufundi wa kale hustahili kuaminiwa, na kisamvu ni ushahidi mzuri. Majani ya muhogo, na vilevile ya kisamvu cha mpira, yana linamarini, kitu kinachozaa sumu ya sianidi. Kutwanga kwenye kinu hupasua jani na kuikutanisha linamarini na kimeng’enya kilichomo ndani ya jani hilohilo. Sumu huachiliwa kama hewa, na kuchemsha bila kifuniko huimalizia kuruka. Anayekatakata kisamvu kwa kisu na kukifunika mapema ili kuokoa mkaa anaokoa mahali pasipofaa. Tui huingia mwisho, wakati mboga imeshaiva na moto umepunguzwa, likikorogwa taratibu lisikatike.

Magadi ni habari yenye pande mbili. Kidogo cha magadi hulainisha maharage haraka, huufanya mlenda uteleze na huhifadhi ukijani wa mboga. Lakini magadi huharibu vitamini B1 na C, tena upesi. Maharage yaliyoloweshwa usiku kucha huiva vizuri bila msaada huo. Kulowesha kuna faida nyingine: maji hayo yakimwagwa hubeba sehemu ya vitu vinavyojaza tumbo gesi. Hata hivyo, maharage mekundu hasa yana lektini inayosababisha kutapika, nayo huisha tu kwa mchemko wa kweli.

Hilo lina maana kubwa kwa jiko la kikapu. Kikapu kikubwa huwekwa blanketi au mito ya pamba, sufuria iliyotoka motoni hutumbukizwa ndani, na kufunikwa kwa mto mwingine. Chakula huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Wali huchemshwa dakika tano, ukawekwa kikapuni, na baada ya saa moja hivi hukutwa umeiva bila kuungua, ingawa wapenda ukoko watalalamika. Maharage ni lazima yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kuingia humo. Kikapu hakina moto wa kutosha kuiondoa lektini. Chakula kikikutwa vuguvugu kirudishwe motoni kichemke, kwa kuwa uvuguvugu ndio wakati bakteria huzaliana.

Papai bichi nalo lina kazi jikoni. Utomvu wake una papaini, kimeng’enya kinachokata protini, ndiyo maana nyama ya mishikaki hupakwa papai bichi lililopondwa. Saa moja au mbili zatosha kwa vipande vidogo. Nyama iliyolazwa na papai jingi usiku kucha hugeuka uji kwa nje huku ndani ikibaki ngumu, na hakuna kiungo cha kuirekebisha.

Mboga ikizidi msimu wa mvua, huanikwa. Dodoma, ambako kiangazi ni kirefu, mlenda mkavu ni chakula cha kila siku na huuzwa sokoni kwa vipimo vya kopo. Majani mengine hutumbukizwa kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, yakachujwa, kisha yakaanikwa kivulini penye upepo. Jua kali hukausha upesi lakini hupunguza sana karotini, ile inayogeuzwa mwilini kuwa vitamini A. Jani likikauka vya kutosha huvunjika mkononi. Linalojikunja bado lina maji, na litaota ukungu ndani ya chombo.

Nyanya bora ya msimu hailiwi yote. Mbegu zake hukamuliwa pamoja na ute wake katika kikombe na kuachwa siku mbili au tatu hadi utando wa povu utande juu. Uchachu huo huondoa ute unaozizuia kuota. Kisha huoshwa, zinazoelea humwagwa, na zilizozama huanikwa kwenye sahani, si kwenye karatasi ambamo zitanasa. Nyanya iliyotokana na mbegu chotara haitazaa mfano wake, kwa hiyo huchaguliwa ya mbegu za kawaida. Mbegu zikikauka huwekwa kwenye bahasha na kuandikwa jina na tarehe, kisha huhifadhiwa mahali pakavu, mbali na jiko.