Jinsi ikweta ilivyofaa darubini nyepesi ya miale ya gama

Kwa karibu miaka 17, setilaiti ndogo ya Italia ilipita juu ya Lwakhakha, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda katika Kaunti ya Bungoma, takriban mara 14 kila siku. Kabla ya dakika mbili kutimia ilikuwa juu ya pwani ya Malindi, ambako iliteremsha habari ilizokusanya.

Setilaiti hiyo, AGILE, ilirushwa tarehe 23 Aprili 2007 kutoka Sriharikota, India. Uzito wake ulikuwa kilo 352. Compton, darubini ya Marekani ya miale kama hiyo iliyorushwa mwaka 1991, ilikuwa na tani 17 hivi.

Miale ya gama ni jamaa ya mwanga, lakini nguvu zake ni kubwa mno. Hutoka penye misukosuko: nyota zilizolipuka na mashimo meusi yanayomeza vitu. Angahewa huizuia isifike ardhini, nayo ni salama yetu, ila humlazimu mtafiti apeleke chombo juu. Huko nako kioo cha darubini hakifai kitu, kwani miale hiyo hukipenya.

Ndani ya AGILE kulikuwa na tabaka za madini ya tungsteni zilizopangwa pamoja na vipande vyembamba vya silikoni. Mwale ukigonga tungsteni hugeuka kuwa chembe mbili, elektroni na pozitroni, nazo huacha nyayo katika silikoni. Kwa kufuata nyayo hizo wanasayansi hujua mwale ulitoka upande gani. Darubini za awali zilitumia vyumba vya gesi na cheche. Silikoni iliondoa haja ya kubeba gesi.

Ikweta inaingiaje? Juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambako chembe zenye umeme hushuka chini na kuvuruga vipimo. Setilaiti inayofuata ikweta hupita pembeni tu mwa eneo hilo. Isitoshe, hurejea kwenye kituo kile kile kila mzunguko, hivyo kituo kimoja cha Ngomeni, karibu na Malindi, kilitosha kuipokelea habari na kuzipeleka Italia.

Faida hiyo ilijulikana zamani. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. SAS-2, ya miale ya gama, ilifuata Novemba 1972.

Mwezi Septemba 2010 AGILE iliona Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo mlipuko wake ulionekana mwaka 1054, ikiwaka ghafla kwa miale ya gama. Wataalamu walikuwa wameitumia nebula hiyo kama kipimo kisichobadilika. Ugunduzi huo uliwapatia Marco Tavani na kikosi chake Tuzo ya Bruno Rossi mwaka 2012.

Kwa Kenya, suala zito zaidi ni fungu lake. Mahali penyewe ni mali, na ni haki mwenye mahali adai zaidi ya kodi. Mkataba mpya na Italia uliotiwa saini Oktoba 2016 uligusa mafunzo kwa Wakenya na matumizi ya habari za setilaiti.

AGILE ilizimwa Januari 2024, na mwezi uliofuata ikaanguka katika angahewa na kuteketea.