Kusudi la Mungu Katika Mipango Iliyovunjika: Funzo la Misheni ya Rabai

Maongozi ya Mungu, katika mafundisho ya Kikristo, ni imani kwamba Mungu hakuumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe wenyewe, bali huutunza na kuuelekeza kwenye kusudi lake, hata pale ambapo matukio, yakitazamwa moja moja, yanaonekana kulipinga kusudi hilo. Ni fundisho jepesi kukiriwa siku ya shukrani na zito mno makaburini. Katika Afrika Mashariki hufupishwa kwa usemi unaosikika karibu katika kila msiba, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ndani ya usemi huo mna ungamo la kweli la imani, lakini ukitamkwa mapema mno, kabla mfiwa hajapewa nafasi ya kulia, hugeuka kuwa njia ya kumnyamazisha. Historia ya misheni ya Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, inafaa kutazamwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa walioianzisha walilikiri fundisho hili kwa moyo wote, ilhali sehemu kubwa ya waliyoyapanga iliharibika mbele ya macho yao.

Mmoja wa waanzilishi hao, Johann Ludwig Krapf, alizaliwa mwaka 1810 katika Württemberg, kusini mwa Ujerumani, akalelewa katika upietisti, yaani mwamko wa Kilutheri uliosisitiza toba ya moyo, usomaji wa Biblia na utume kwa mataifa. Akitumwa na Church Missionary Society, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, alianza kazi Uhabeshi, akafukuzwa Tigrai mwaka 1838, na baadaye akazuiwa kurudi Shoa, alikokuwa ameweka matumaini yake yote. Katika misukosuko ya safari hizo mkewe, Rosine, alijifungua mtoto wa kike nyikani, naye hakuishi. Mwaka 1844 wawili hao walifika Zanzibar, wakapokewa vyema na Sultani Seyyid Said, kisha wakahamia Mombasa, na mwezi Julai wa mwaka huohuo Rosine na binti yao wa pili, aliyekuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa, wakafariki, Krapf mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Muda mfupi baadaye Krapf aliwaandikia wakuu wake London kwamba sasa lipo kaburi la mmisionari katika pwani hii, na kwamba yawapasa kulihesabu kuwa ishara ya kuanza kwa mapambano ya Injili upande huu wa dunia.

Barua hiyo imesimuliwa mara nyingi katika vitabu vya misheni, na mara nyingi imesimuliwa vibaya, kana kwamba Rosine na mtoto wake walikuwa malipo ambayo Mungu aliyadai kabla ya kuifungua Afrika Mashariki. Maandiko hayampi msimulizi ruhusa ya kwenda mbali kiasi hicho. Yusufu, anapowaambia ndugu zake katika kitabu cha Mwanzo kwamba Mungu aliligeuza tendo lao kuwa wokovu wa watu wengi, hauiti uovu wao wema, wala hadai kwamba shimo lile na utumwa ule havikumuumiza. Mtume Paulo naye anaandika juu ya mambo yote kufanya kazi kwa wema katika sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, sura ileile inayoeleza kuugua kwa viumbe vyote na udhaifu wa watu wasiojua hata namna ya kuomba. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku saba, na hapo hawakukosea; walikosea walipoanza kueleza sababu, na mwishoni mwa kitabu ni wao wanaokemewa na Mungu, si Ayubu aliyelalamika.

Martin Luther, ambaye Krapf alikuwa mrithi wa mapokeo yake, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1518 katika mjadala wa Heidelberg, alipoitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Teolojia ya utukufu humtafuta Mungu katika mafanikio na nguvu zinazoonekana, na hivyo humwona ameondoka pindi mambo yanapoharibika. Teolojia ya msalaba hushikilia kwamba Mungu hujidhihirisha hasa pale anapoonekana amejificha, katika mateso ya Kristo. Mtazamo huu haumpi mfiwa maelezo ya msiba wake. Unampa haki ya kuendelea kuomba bila kuwa na maelezo hayo, na pengine hicho ndicho kinachomfaa zaidi.

Mpango mkuu wa Krapf ulikuwa kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya Mombasa hadi pwani ya magharibi mwa Afrika. Mwaka 1851, katika safari yake ya pili Ukambani, msafara ulishambuliwa, mwenyeji wake, mfanyabiashara mkubwa Kivoi, akauawa, na Krapf akarudi peke yake akisumbuliwa na kiu na njaa. Baadhi ya wenzake wapya kutoka Ulaya walikufa muda mfupi baada ya kufika. Mwaka 1853 afya ilimlazimu kuondoka, na mnyororo ule haukujengwa kamwe. Kilichodumu ni kazi aliyoifanya pembeni ya ndoto hiyo: kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, kazi aliyoianza Mombasa wiki chache kabla ya msiba wake, sarufi iliyochapishwa mwaka 1850, na kamusi iliyotoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Tena, miswada ya tenzi za Kiislamu aliyoipeleka Ujerumani, pamoja na ule wa Utendi wa Tambuka, ni hazina ya fasihi ya Kiswahili hadi leo, jambo ambalo hakuna kamati ya misheni iliyolipanga.

Mwanzilishi mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846 na hukumbukwa zaidi kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, habari iliyobezwa na baadhi ya wanajiografia wa Ulaya. Lakini jambo lake kubwa zaidi ni kwamba alibaki. Wahubiri wa siku hizi hupenda kuinukuu barua ya Yeremia kwa wahamishwa wa Babeli kama ahadi ya mafanikio ya haraka, ilhali barua hiyo iliwaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini, kwa sababu marejeo yangechukua miaka sabini, muda ambao wengi wa wasomaji wake wa kwanza wasingeufikia. Rebmann aliishi kwa namna hiyo Rabai kwa takriban miaka 29. Mwongofu wa kwanza, Mringe, mlemavu aliyebatizwa karibu na kufa mwaka 1851, hakuacha kusanyiko nyuma yake, na mmisionari huyo alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akiliacha kanisa dogo mno.

Mwaka huohuo wa 1875 makazi ya watumwa waliokombolewa yalianzishwa Frere Town, karibu na Mombasa, na Rabai ikawa kimbilio la waliotoroka utumwa. Hapa tahadhari ni ya lazima zaidi, kwa maana anayesema kwamba utumwa uliruhusiwa ili kanisa lipate waumini analitukana jina la Mungu na kuwadharau waliofungwa minyororo. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba watu hao hawakukubali utumwa uwe neno la mwisho juu yao. Mmoja wao, William Jones, aliyetekwa utotoni, akakombolewa na kusomeshwa India, alirudi pwani kufanya kazi na Rebmann, akawa kiongozi wa Rabai na akapewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Askofu huyo alipouawa Busoga mwaka uleule, ni Jones aliyewakusanya wapagazi walionusurika na kuwarudisha Rabai, kisha akaendelea kuwahudumia mamia ya watoro waliojificha humo huku wamiliki wao wakiwadai, hadi mwishoni mwa mwaka 1888, fidia ilipokubaliwa na zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru.