Sura ya Tano: Kuacha Kozi Uliyoombewa

Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, lakini watu wake wengi bado wanaishi kwa jembe na mifugo: alizeti, mtama, uwele, kuku wa kienyeji, ng'ombe wachache. Mtoto wa huku akipata nafasi ya chuo, habari haiishii kwa wazazi wake. Inasomwa kanisani wakati wa matangazo. Anaitwa mbele, anaombewa, na kozi anayokwenda kusoma inatajwa kwa jina lake. Baba ameuza ng'ombe, mjomba ameongezea ada, kina mama wa jumuiya wamechanga nauli. Ndiyo maana kijana huyo akifika mwaka wa pili na kuanza kuona kwamba kozi ile si yake, mzigo wake si wa masomo peke yake. Anawaza atawaambia nini watu waliomwekea mikono kichwani.

Tuanze na jinsi alivyofika hapo, kwa sababu wanafunzi wengi hawakuchagua njia, walisukumwa kidogo kidogo. Kidato cha tatu anaacha fizikia kwa kuwa hakukuwa na mwalimu. Kidato cha nne anajaza fomu ya machaguo akiwa na miaka kumi na saba, anapangiwa kombi, yaani masomo yake matatu ya kidato cha tano na sita. Tangu hapo watu wamekwisha kumpa kazi: wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) ni daktari, wa HGL (historia, jiografia, Kiingereza) ni mwanasheria au mwalimu, wa ECA (uchumi, biashara, uhasibu) ni mhasibu. Kidato cha sita kikiisha, anaomba chuo kwa kuangalia alama zake zinatosha wapi na kozi ipi ina matumaini ya mkopo. Mahali pote hapo hakuna aliyemuuliza anapenda kufanya nini asubuhi hadi jioni, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Orodha hii fupi ya kazi za heshima ina historia. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, walioanza kazi Iramba na Singida miaka ya 1920, pamoja na wamisionari wa Kikatoliki, walijenga makanisa bega kwa bega na shule na zahanati. Kule Makiungu, masista wa Medical Missionaries of Mary walianza kazi ya hospitali mwaka 1954, na wagonjwa wanakwenda huko hadi leo. Katika dunia hiyo, msomi alikuwa mwalimu, dresa, karani au mwinjilisti. Hizo ndizo kazi zilizomtoa mtu kwenye njaa ya mwaka wa ukame zikampa mshahara wa kila mwezi. Mzazi wa Unyambwa anayesema "soma udaktari, mwanangu" hasemi kwa ujinga. Anasema alichokiona kwa macho yake. Shida ni kwamba kazi zimeongezeka, orodha imebaki ile ile.

Sasa tuje kwenye imani, maana kwa mwanafunzi Mkristo hapa ndipo panapouma. Amefundishwa kwamba Mungu ana mpango na maisha yake. Akibadili kozi, je, alikosea kusikia mara ya kwanza, au anaasi mara hii? Wapo wanaomfungulia 1 Wakorintho sura ya 7, mahali Paulo anapomtaka kila mtu akae katika hali aliyokuwa nayo alipoitwa, na maneno hayo yanamfunga kijana mdomo. Lakini isomeni sura yote. Paulo anazungumzia tohara na utumwa, kwamba hakuna hali ya nje inayomzuia mtu kuwa wa Kristo, na hapo hapo anamwambia mtumwa anayeweza kupata uhuru autumie. Kuligeuza fungu hilo kuwa pingu ya mwanafunzi wa uhasibu ni kulibebesha jambo lisilo lake. Biblia yenyewe imejaa waliohama: Amosi aliyekuwa mfugaji na mtunza mikuyu, Mathayo aliyeacha meza ya ushuru.

Walutheri wa Singida wanalijua sana jina la Martin Luther. Wachache wanaambiwa kwamba naye alikuwa mwanafunzi aliyeacha kozi aliyolipiwa na baba yake. Mwaka 1505 alikuwa kijana wa miaka 21, ana shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Erfurt, na ameanza kusoma sheria. Hans, baba yake, alitoka katika ukoo wa wakulima akajiinua kwa kazi ya migodi na kuyeyusha shaba, na alitaka mwanasheria nyumbani. Tarehe 2 Julai, karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipiga jirani na kijana huyo. Kwa hofu ya kufa akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa. Tarehe 17 mwezi ule ule akaingia kwenye monasteri ya Waagustino. Hans alikasirika sana, na mimi namwelewa.

Mara nyingi hadithi huishia hapo, kana kwamba radi ilikuwa sauti ya Mungu na mambo yakaisha. Hayakuisha. Mwaka 1521 Luther aliandika kitabu kuhusu nadhiri za watawa, akakitanguliza kwa barua kwa baba yake, na humo akakiri kwamba aliingia utawani kwa kuzingirwa na hofu ya kifo. Mwaka 1525 akaoa. Akafundisha kwamba mama anayemwogesha mtoto na mkulima anayelima hawapungukiwi kitu mbele za Mungu wakilinganishwa na mtawa. Kwa hiyo alibadili njia mara mbili: mara ya kwanza ndani ya majuma mawili, kwa woga, mara ya pili baada ya miaka ya kusoma, kufundisha na kubishana. Mimi naiamini zaidi ile ya pili.

Nasisitiza hili kwa sababu vyuoni kwetu radi za namna hiyo zipo. Vyama vya wanafunzi Wakristo, TAFES, CASFETA, TMCS na UKWATA, vimewatunza vijana wengi mbali na wazazi wao, na navishukuru. Lakini kuna usiku wa mkesha, mhubiri anauliza nani yuko tayari kuacha yote, na asubuhi kijana anatuma ujumbe nyumbani kwamba anaacha chuo akahubiri. Nasema kwa uzito wote: asubuhi hiyo si ya kuandika barua ya kuacha chuo. Kuhubiri nako kunasomewa. Makumira, kabla haijawa chuo kikuu, ilifunguliwa mwaka 1954 kama chuo cha teolojia, na mchungaji wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, hukaa darasani miaka kadhaa kabla ya kubarikiwa. Kama wito huo ni wa kweli, utakuwepo pia baada ya mitihani ya muhula. Na aliye upande wa pili, mseminari anayetoka seminari akiogopa macho ya watu wa parokia, anastahili upole ule ule. Kanisa halijapoteza mtu. Limepata mlei aliyelelewa vizuri.

Mfano wa karibu zaidi tunao. Julius Nyerere alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akasomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952, akafundisha Pugu. Mwaka 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akiwa rais wake. Mwaka 1955, baada ya kwenda Umoja wa Mataifa, ilibidi achague darasa au siasa, akajiuzulu ualimu. Hakuwa na mshahara mwingine wa kutegemea. Kinachonigusa ni kwamba ualimu haukupotea: namna yake ya kueleza jambo gumu mpaka mkulima alielewe ilitoka darasani, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu hadi kifo chake mwaka 1999. Aliyesoma miaka miwili ya kozi asiyoitaka asiihesabu kuwa ya hasara kabla hajaona itakavyomfaa.

Tuseme basi mwanafunzi wetu ni binti wa mwaka wa pili wa uhasibu, na moyo wake umehamia kwenye kilimo. Singida ni mkoa wa alizeti. Tangu Serikali iupe mkazo uzalishaji wa zao hilo mwaka 2021, katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, mazungumzo ya mbegu na mafuta yameongezeka vijijini. Anataka kwenda SUA, chuo kikuu cha kilimo kilichoko Morogoro. Jambo la kwanza si maombi ya kufunga, ni kusoma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Alisoma ECA, hana biolojia wala kemia ya kidato cha sita. Shahada ya agronomia haitampokea kwa kumwonea huruma. Uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo ni mlango ulio karibu naye zaidi. Uhamisho una dirisha lake na masharti yake: lazima utimize vigezo vya kozi mpya, na nafasi iwepo. Na kama anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kila mwaka anaouongeza ni deni linaloongezeka. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa hadi liishe. Kumtumaini Mungu hakumzuii kupiga hesabu hiyo. Yesu mwenyewe alizungumzia mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara.

Jambo la pili ni kuishika kazi yenyewe kwa mikono. Likizo ndefu inaangukia wakati alizeti imekwisha kuvunwa. Aende kwenye mashine ya kukamua akae pale, si saa moja, likizo nzima. Ataona magunia yamepangwa tangu alfajiri, mafuta yakichirizika meusi kwenye ndoo kabla ya kuchujwa, mashudu yakitoka bado ya moto na mtu wa ng'ombe akiyagombea. Ataona pia karani akiandika kwenye daftari la shule kwa kalamu inayokatika wino, na mzee akibishana kwamba magunia yake yalikuwa sita, daftari linasema matano. Pale atajua moyo wake umevutwa na nini. Huenda ni udongo na mbegu, basi ahame. Huenda ni yule mzee anayedhulumiwa gunia, na mtu anayeweza kumsaidia ni mhasibu mwaminifu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Vyote viwili ni utumishi. Asichague kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomwita.

Jambo la tatu ni gumu kuliko yote, kurudi nyumbani na kusema. Vijana wengi wanahama kimya kimya, wazazi wanakuja kujua siku ya mahafali au wasijue kabisa. Hilo silikubali. Mzee aliyeuza ng'ombe ana haki ya kusikia kutoka kinywani mwako, umekaa, umemwamkia, si kwa ujumbe wa simu. Mweleze umefanya nini kujua, gharama ni kiasi gani, nani atailipa. Mpe nafasi ya kukasirika kama Hans. Mara nyingi swali la kwanza la mzazi halihusu mapenzi ya Mungu, ni hili: "Utakula nini?" Ukiwa na jibu la swali hilo, mazungumzo mengine yatafuata. Kama huna, rudi kalitafute kwanza.

Nanyi wazee wa kanisa na wachungaji wa Unyambwa, mliomwita mtoto mbele mkaitaja kozi yake kwa sauti, akirudi amebadili njia mwiteni mbele tena, mtaje kozi mpya, mmwombee.